Rangi Iliyokuwa Chini ya Kibati

Mume wangu alikuwa na sheria moja ya kazi ambayo hakuivunja kwa ajili ya mtu yeyote: rangi ya zamani haikwanguliwi kwa maji. Alisema rangi ikilowa inadanganya. Inajifanya nzito kuliko ilivyo, na fundi akiiamini, kesho ikishakauka anakuta amechanganya rangi ya mashine ya watu wengine. Kwa hiyo alikwangua kikavu. Msasa mkavu, mkono mwepesi, kisha anapuliza vumbi kwa mdomo kama mtu anayepoza chai. Vumbi hilo ndilo lililomwingia mwanetu. Na aliyelikaribisha ndani ya nyumba ni mimi, kwa mdomo wangu, tena kwa kubembeleza. Ndiyo maana naandika, ili mama mwingine aliyeolewa na fundi asome mapema. Mimi nilichelewa.

Nianze na kazi yenyewe, maana asiyeijua hataelewa tulivyoponzeka.

Baba Chiriku hufufua injini ndogo za zamani. Pampu za maji, jenereta za kuvuta kwa kamba, injini za mashine za kusaga, mashine za kukatia nyasi ambazo wenyewe walizinunua wakiwa vijana na sasa meno yamewatoka. Watu huzitoa stoo zimevaa kutu na mavi ya kuku, wanamletea. Kuifanya injini iwake tena, mafundi wengi wanaweza. Yeye sifa yake ni rangi. Anataka irudi na rangi ileile iliyotoka nayo kiwandani, si kijani tu, bali kijani chake. Mimi nilidhani kijani ni kijani. Nilipomwambia hivyo mwaka wa kwanza wa ndoa, alinitazama kama nimemtukana mama yake.

Namna ya kuitafuta ni hii. Injini ya miaka hamsini imeshapakwa rangi na kila aliyeimiliki, kila mtu na fahari yake. Fundi anachagua mahali, anakwangua kiduara cha ukubwa wa sarafu, taratibu, mpaka afike kwenye chuma. Ukikitazama unaona pete ndani ya pete, kama kitunguu kilichokatwa: bluu ya juzi, kijivu cha kabla yake, kijani, halafu ile nyekundu ya kuzuia kutu, halafu chuma chenyewe. Wao huita kufungua jicho. Lakini jicho peke yake halitoshi, kwa sababu jua limeshaila rangi. Ile ya kweli imejificha mahali jua lisipofika, na mahali pa kwanza pa kuitafuta ni chini ya kibati, kile cha shaba chenye namba ya injini. Anakibandua polepole, na chini yake anaikuta rangi iliyolala humo tangu siku ya kwanza.

Hata hiyo ina hila zake. Rangi iliyokaa gizani miaka mingi huingia umanjano, kama meno ya mvuta sigara, na ili uondoke lazima uiweke kwenye mwanga siku kadhaa. Si juani, mwangani. Basi anabandua maganda madogo kwa wembe, anayaweka kwenye kisahani, anayaacha dirishani wiki nzima, na kila asubuhi kabla ya kunawa uso anakwenda kuyajulia hali. Nilikuwa namwambia maganda yale yanasalimiwa kuliko mimi.

Sasa Chiriku, binti yetu. Hilo si jina lake la cheti, tulimpa kwa sababu ya mdomo. Hajatimiza mwaka na nusu alikuwa anaunganisha maneno. Alipofika miwili alikuwa anajibu maswali ambayo hakuna aliyemuuliza. Mgeni akipiga hodi, yeye ndiye wa kwanza kumkaribisha, anamsukumia kiti, anampa na habari: baba kaenda kibandani, mama anapika, jana mama alilia. Siri haikukaa katika nyumba yetu. Dada yangu mkubwa alisema mtoto huyu akikua ama atakuwa mwanasheria ama atatupeleka jela sote.

Kabla yake nilizaa wawili, hawakukaa. Sisemi ili nionewe huruma, nasema ili ijulikane nilikuwa naogopa kwa sababu gani. Niliogopa ndoo ya maji. Niliogopa mfupa wa samaki, kifungo cha shati, waya, paka wa jirani. Usiku niliamka kumwekea mkono puani nione kama anapumua, na yeye anaamka analia kwa sababu ya mkono. Dada yangu aliniita Bi Hofu. Alikuwa anasema, huyu kuku akikohoa, yeye anaita gari la wagonjwa.

Kibanda cha mume wangu kiko kando ya barabara, na Chiriku alipenda kwenda huko. Baba yake alikuwa anamkalisha juu ya sanduku la vyuma, anampa nati achezee, wanapiga soga siku nzima. Siku moja injini ikiwa inanguruma mkanda wake ulikatika. Ulimpiga mume wangu mkononi, ukamng'oa ukucha, ukaruka ukapiga ukuta wa bati karibu na mtoto. Mtoto alirudi nyumbani anacheka, ananisimulia kwa vitendo, yule baba, ule mkanda, ule ukuta. Mimi nilimvua nguo nikamkagua mwili mzima.

Nikaigawa kazi ya mume wangu mafungu mawili. Fungu la hatari: petroli, moto, mikanda, gurudumu la injini linalozunguka, magari ya barabarani. Na fungu la salama: mtu amekaa kwenye kigoda na msasa, anakwangua kiduara, hakuna kinachowaka wala kinachozunguka. Nikamwambia hilo la kwanza libaki kibandani, na hilo la pili alilete nyumbani, nimwone yeye na mtoto amwone.

"Kuna vumbi, mama Chiriku," alisema.

"Na mimi nina ufagio."

Alisema vumbi kwa maana ya uchafu tu, hata yeye hakujua zaidi ya hapo. Nilibembeleza siku tatu. Na nilijua pa kumshikia. Chumba chetu cha nyuma kina dirisha ambalo jua haliingii moja kwa moja, mwanga wake ni uleule tangu asubuhi mpaka jioni, hauna manjano wala wekundu. Kwa mtu wa kulinganisha rangi, dirisha kama hilo ni mali. Alisimama pale na vipande viwili vya bati alivyovipaka, akavigeuzageuza, nikaona nimeshinda. Ndicho chumba alichokuwa analala Chiriku mchana.

Wiki hizohizo akaja mwalimu mmoja mstaafu na injini ya pampu ya baba yake. Baba alikuwa amekufa zamani. Kwa pampu hiyo alimwagilia bustani, na bustani ndiyo iliyomsomesha mwanawe mpaka akawa mwalimu. Mzee alitaka aione injini kama alivyoiona siku inashushwa kutoka kwenye lori, yeye akiwa mtoto. Rangi yake alikuwa anaikumbuka, alisema ni kijani cha jani la mgomba siku ya kwanza linapokunjuka.

Mume wangu alikwangua, akakuta kijani mbili, moja juu ya nyingine, zote za kale, na ya tatu chini ya kibati. Akachanganya ya kwanza. Mwalimu akaja, akatazama, akatikisa kichwa kwa adabu. Akachanganya ya pili. Mwalimu akasema imekaribia, lakini siyo. Kila akisema siyo, mume wangu anafungua jicho jingine: nyuma ya tangi, chini ya mkanda unaoshikilia tangi, ndani ya bomba la kutolea hewa. Kazi ambayo ingekwisha kwa wiki tatu ilikula miezi minne. Chumba cha nyuma kikawa na visahani sita dirishani.

Mwalimu alikuwa anakuja kila Jumamosi, na Chiriku ndiye aliyekuwa anampokea. Alimpa jina, Babu Pampu. Mzee anakaa kwenye kiti, anasema lete habari, na mtoto anampa habari za wiki nzima, za kweli na za kubuni, mpaka chai inapoa.

Mimi nikafagia. Kila siku mara mbili, kwa ufagio mkavu, na vumbi linapanda linang'aa kwenye mwanga wa lile dirisha zuri, linatua kwenye godoro. Koti la kazi nililikung'uta mlangoni, kwa nguvu, kama mwanamke anayejua usafi, na Chiriku yuko miguuni pangu anashika nalo upande mmoja, tunakung'uta wawili, tunacheka. Wahenga walisema kikulacho ki nguoni mwako. Nimeisema methali hiyo tangu nikiwa mtoto, na siku hizo nilikuwa nimelishika lile koti kwa mikono miwili.

Na iko siku nilimkuta kwenye kisahani. Alikuwa amepanda kigoda cha baba yake, kidole kimoja kimelowa mate, anakichovya kwenye maganda, anakirudisha mdomoni. Alinitazama bila hofu, akaniambia, "Tamu."

Nilimfuta mdomo kwa pindo la gauni. Nilimpiga kikofi cha mkono, cha mapenzi. Jioni nikampa baba yake kama kichekesho, nikamwambia kuna mtu anakula kazi yako kabla hujalipwa. Hakucheka. Alisikitika kwa sababu maganda yale yalikuwa ya chini ya kibati na hayapatikani tena, akapandisha visahani rafu ya juu. Tukalala. Hata mimi niliyekuwa naogopa paka, nililala.

Ugonjwa haukuja kwa mlango wa mbele. Kwanza tumbo. Alikuwa anajikunja, choo hakipati siku tatu, nne, chakula anakisukuma. Zahanati wakasema minyoo, wakampa dawa ya minyoo. Akawa mweupe kwenye kucha na ndani ya macho, wakasema damu, wakampa dawa ya maji ya kuongeza damu. Akawa mkali. Mtoto aliyekuwa hanuni akawa ananuna, anapiga kichwa sakafuni. Dada yangu alisema amekuchoka, kutwa usiguse, usipande, usile, hata ningekuwa mimi ningepiga kichwa. Tulicheka, nami nilitamani iwe kweli.

Halafu maneno. Sikuona yanapoanza kupungua, na jambo hilo linaniuma kuliko mengine, mimi niliyekuwa nahesabu pumzi zake. Nilidhani ni kununa. Jumamosi moja Babu Pampu akasema lete habari, mtoto akasema, "Hii." Kikombe, hii. Kiti, hii. Baba yake akipita, hii. Jumamosi iliyofuata hakwenda mlangoni. Asubuhi moja akatembea kama mlevi, akaanguka, akatapika, macho yakageukia juu. Nilimbeba mgongoni bila viatu mpaka barabara kuu.

Hospitali kubwa alitupokea daktari mwanamke, umri wake kama mdogo wangu wa mwisho. Aliuliza yaliyoulizwa na wote: homa tangu lini, anakula nini, maji mnachota wapi. Kisha akauliza ambalo hakuna aliyewahi kuuliza.

"Baba yake anafanya kazi gani, mama?"

"Fundi."

"Fundi wa nini?"

Nikamweleza. Injini za zamani, rangi, kibati, ustadi wa mume wangu. Nilisema kwa kirefu, nadhani nilitaka ajue kwamba sisi si watu ovyo. Akaacha kuandika.

"Hiyo rangi ya zamani anaikwangulia wapi?"

"Nyumbani," nikamjibu, na nakumbuka nilijibu kwa fahari. "Mimi ndiye nilimwambia. Nilitaka niwe nawaona wote wawili."

Hakunigombeza. Alivuta kiti akakaa mbele yangu, magoti yetu yakawa yanagusana, na akanieleza polepole. Rangi nyingi za zamani zilitiwa madini ya risasi, yaleyale mazito yaliyomo kwenye betri za magari. Imo kwenye zile za kijani, kwenye za manjano, na zaidi kwenye ile nyekundu ya kuzuia kutu. Ikikaa kwenye chuma imetulia haina neno. Ikisagwa ikawa vumbi inaingia puani na mdomoni, na mtoto mdogo huipokea kuliko mtu mzima, inaifuata damu mpaka kwenye ubongo. Na ina utamu. Aliposema hivyo nilishika ukingo wa meza.

Damu yake ikapelekwa kupimwa mbali, majibu yakachukua siku kumi. Daktari hakuyasubiri ili atukataze kumrudisha kwenye kile chumba. Majibu yalipokuja, namba ilikuwa kubwa kiasi kwamba aliisoma mara mbili kimoyomoyo kabla ya kutuambia. Akatiwa dawa ya kuivuta risasi itoke, siku kumi na tisa wodini. Nikamuuliza, ikitoka, maneno yatarudi? Akasema dawa inatoa iliyomo, hairudishi iliyokwisha kuharibu. Akasema tumwombee, na tumzungumzishe sana.

Mume wangu nilimwambia kwenye benchi la nje ya wodi. Alisikiliza mpaka mwisho, mikono kati ya magoti. Kisha akauliza swali moja.

"Ni ile kijani au ile nyekundu?"

Nilimchukia. Nasema kweli, kwa swali hilo nilimchukia wiki nzima. Mtoto yuko ndani anachomwa sindano, yeye anauliza rangi. Baadaye nikaelewa alikuwa anatafuta pa kuliweka lile jambo, tabaka gani, siku gani, mkono upi, kama alivyozoea kutafuta. Nikamwambia zote. Akarudia, zote.

Tulipokuwa wodini alikisafisha chumba. Godoro alilitupa, pazia alilitupa, kuta na sakafu aliziosha kwa maji na sabuni mara tatu, kwa kitambaa kilicholowa. Kwa maji.

Akaniomba tusiwaambie watu. Alisema wakisikia hakuna atakayemletea kazi. Kisha akasema lililokuwa chini ya hilo, kwamba watasema amemlisha mwanawe sumu. Nikamhurumia, nikakubali. Nikawaambia majirani ni homa ilipanda kichwani. Nikamwambia hivyo hata dada yangu, tuliyenyonya ziwa moja.

Ile injini aliimalizia kibandani, amefunga pua na mdomo, na nguo za kazi anaziacha hukohuko. Na kwa jinsi mambo yalivyo, safari hiyo rangi ilikubali. Mwalimu alipofunuliwa turubai alisimama, akaweka kiganja juu ya tangi kama unavyompapasa ng'ombe, akasema ndiyo yenyewe. Mume wangu aliniambia mzee alilia bila kujificha. Kisha akaomba apitie nyumbani amsalimie rafiki yake.

Alikuja na kitabu cha picha cha watoto. Nilimsikia tangu nje.

"Hodi, Chiriku. Babu Pampu amekuja. Lete habari."

Chiriku alikuwa amekaa kwenye mkeka. Alimtazama, kisha akatazama mkeka. Mzee akasubiri, akainama kidogo, akarudia. Mume wangu akasema ana usingizi, ametoka kwenye homa. Mzee akasema pole zake, akakaa, na kwa sababu furaha ilikuwa imemjaa akaendelea kuzungumza. Akasema anayo injini nyingine, ndugu wa hii, ipo uani kwake na wajukuu huipanda kama farasi. Hataki kumsumbua fundi tena.

"Hiyo tutaikwangua wenyewe," alisema. "Nimeshawanunulia wajukuu wanne misasa. Nimewaambia kikavu, wasithubutu kutia maji. Si ndivyo ulivyonifundisha, fundi?"

Mume wangu alinitazama. Hakukubali wala hakukataa. Alinitazama tu, na nikajua ameshindwa, na ameniachia mimi niseme.

"Mwalimu," nikasema, "misasa hiyo itupe."

Nikamwambia yote. Koti, ufagio, visahani, tamu. Nilipomaliza, mzee alikuwa amekiweka kile kitabu mapajani na anakipangusa jalada lisilo na uchafu. Kisha akasema kwa sauti ndogo, "Mara tatu nilisema siyo. Hata ile ya pili ilikuwa inatosha." Mume wangu akamwambia, hapana, mwalimu, ile haikuwa yenyewe. Hata siku hiyo hakuweza kusema uongo kuhusu rangi.

Baada ya hapo siri haikuwa na faida. Nilimwambia dada yangu, akanipiga kofi la begani, kisha akalala kwangu siku mbili. Nilikwenda kwa wake wa mafundi ninaowajua, nyumba kwa nyumba. Wengine walisikia. Wengine walinipa kiti na maji ya kunywa na kucheka kwa adabu: sisi tumekulia humohumo, Bi Hofu, mbona tuko hai. Mmoja, wakati nazungumza naye, mwanawe alikuwa anachora kwa kidole kwenye vumbi la injini mlangoni. Nilinyanyuka nikamnawisha mwenyewe. Mama yake hanisalimii tena.

Kwa hao naandika. Nguo za kazi zisiingie ndani. Anayekwangua akwangue mbali na nyumba, kwa kulowesha, na afunge pua. Usifagie kikavu, pangusa kwa kitambaa chenye maji. Mtoto akipata tumbo lisiloisha na damu kupungua, usingoje uulizwe, wewe mwenyewe mwambie daktari kazi ya baba yake.

Na ile sheria ya mume wangu, wanaoijua na kuifuata waisikie vizuri. Sasa anakwangua kwa maji. Analowesha, anafungua jicho, kisha anaiacha mpaka kesho. Kesho imekauka, imeacha kudanganya, anaitazama na ni ileile aliyokuwa akiitafuta kikavu. Ilitaka subira ya siku moja.

Chiriku ana miaka sita. Maneno yake nimeyaandika kwenye daftari, ni thelathini na manne, mengine ni sisi tu tunaoyaelewa. Mwezi uliopita tulimpeleka shule. Mwalimu wa darasa la awali, mwanamke mpole, alimwaga vizibo vya chupa mezani, vya rangi mchanganyiko, akamwambia nipe chekundu. Chiriku akamtazama mdomo. Nipe cha njano. Nipe cha bluu. Hakutoa hata kimoja. Mwalimu akaandika kitu, na mimi nikaanza kumwelezea kuwa leo ameamka mapema, mambo ambayo mama husema.

Tulipotazama tena, mtoto alikuwa anavipanga. Alikuwa ametoa kando vya kijani, tisa, na kuviweka mstari: kile kilichopauka kabisa, kinachokifuatia, kinachokifuatia, mpaka kile kilichokolea kama majani ya chai. Viwili vya katikati mimi niliona ni rangi moja. Yeye alivishika, akavisogeza karibu na dirisha, akavibadilisha nafasi.

Mwalimu akauliza nani amemfundisha. Baba yake aliinama juu ya ule mstari, akaukagua kwa muda, jinsi anavyokagua kazi ya fundi mwenzake, na hakikuwepo cha kurekebisha. Akachuchumaa kando ya kiti cha bintiye na kuweka kidole kwenye kizibo cha kwanza.

"Hii inaitwaje, mama?"

Chiriku alikitazama kile kidole, kisha akautazama mdomo wa baba yake. Midomo yake ikajikusanya. Mimi nikashikilia mkoba wangu. Mwalimu aligeukia dirishani ili asimharakishe, na tukasubiri, tukasubiri sana, mpaka kengele ya mapumziko ikalia na watoto wa wenzetu wakatoka nje wakipiga kelele.